Kupokea Ndugu kutoka Bukoba: Namugongo, Kasubi na Usiku wa Harambee ya Kigango

Ndugu zangu wa Kagera wamenitembelea Kampala mara mbili tangu niolewe huku. Mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu. Basi liliingia saa kumi na moja jioni, na saa moja usiku nilikuwa nimeshawakalisha viti vya mbele kwenye harambee ya kigango chetu, mabegi yao yakiwa bado kwenye buti la gari. Mshereheshaji akashika maikrofoni: "Leo tunaye mgeni kutoka Tanzania!" Makofi, vigelegele, kwaya ikapandisha wimbo. Baba mkubwa akasimama, akatamka kiasi ambacho hakuwa nacho. Alikilipa kwa miezi minane, kidogo kidogo, kwa fedha ya kahawa. Hakuniambia neno. Nilikuja kusikia kwa mama, tukiwa msibani.

Mara ya pili nilijipanga, na mambo yalikwenda tofauti kabisa. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyafanya safari hiyo ya pili, pamoja na niliyojifunza kwenye kamati ya maandalizi. Msimamo wangu ni mmoja: ndugu anakuja kwanza kama ndugu. Mpe usingizi, mpe chakula, mwonyeshe mahali ambapo watu wa huku waliteseka, walipoteza na wakajenga tena. Harambee ije mwisho, wakati ameshajua anachangia nini na kwa watu gani.

Hatua ya 1: Chagua wiki kabla ya kuchagua siku

Epuka wiki ya tarehe 3 Juni isipokuwa mnakuja kuhiji hasa. Hiyo ni Siku ya Mashahidi wa Uganda, sikukuu ya taifa, na Namugongo hujaa mahujaji wanaotembea kwa miguu siku nyingi, wengine kutoka Kenya, Tanzania na Rwanda. Barabara hufungwa, vyumba vya kulala havipatikani, na bibi mwenye magoti mabovu hataiona hata ngazi ya kanisa. Ni siku yenye neema kubwa, ila inataka maandalizi yake yenyewe.

Epuka pia Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba kama harambee itakuwa chini ya turubai. Mvua ya Kampala haipigi hodi. Kwetu tulichagua Januari: kavu, na shule za huku ziko likizo.

Panga siku sita. Jumatano kuwasili, Alhamisi Namugongo, Ijumaa Kasubi na Mengo, Jumamosi harambee, Jumapili misa na chakula cha nyumbani, Jumatatu safari. Ukibana zikawa siku tatu, utakachokata ni mapumziko, na wazee ndio watakaolipa.

Hatua ya 2: Karatasi za safari

Wanaotoka Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Watanzania waje na pasipoti, kila mtoto na yake, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Visa hatuhitaji. Kadi hiyo ya njano ndiyo inayosahaulika zaidi. Waambie waifunge pamoja na pasipoti kwa mpira, siyo waitumbukize kwenye begi kubwa linaloingia chini ya basi. Mtoto anayesafiri bila wazazi wake apewe barua ya ridhaa yenye saini yao.

Fedha wabadilishe benki au duka la kubadilishia fedha lenye risiti, siyo kwa vijana wanaokimbilia madirisha ya basi mpakani. Mzee aliyechoka, mwenye shilingi za nchi mbili mkononi zilizo na sifuri nyingi, hukosea hesabu upesi.

Hatua ya 3: Waambie habari za harambee kabla hawajakata tiketi

Hapa ndipo nilipoanguka mara ya kwanza. Usimwache mgeni aikute harambee kama anavyolikuta shimo gizani. Mpigie simu mkubwa wa msafara mwezi mmoja kabla. Mimi nilisema hivi:

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mnaendeleaje huko?"

"Tunaendelea vizuri. Baba mkubwa, Jumamosi ya wiki mtakayokuja kigango chetu kina harambee ya paa. Ninyi mtakuwa wageni wangu. Hakuna atakayewaita mbele, nimeshazungumza na mwenyekiti. Mkipenda kuja na kitu kidogo cha mnada, tutashukuru. Msipokuja nacho, mtakula na kuimba na sisi."

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sasa umesema." Nikajua kwamba lile la kwanza lilikuwa bado linamkaa moyoni.

Ahadi hiyo uitimize kweli. Mwendee mshereheshaji mwenyewe, uso kwa uso, umwambie majina ya watu wasioitwa. Wachangishaji wengi ni watu wema ila maikrofoni huwapandisha kichwa, na mgeni wa nje ya nchi huwa chambo kizuri mno kwao.

Hatua ya 4: Safari na siku ya kuwasili

Kutoka Bukoba hadi Kampala ni kama kilomita 300: Kyaka, mpaka wa Mutukula, Masaka, kisha Kampala. Kwa watu wa Kagera njia hii si barabara tu. Baba mkubwa ni wa Kyaka. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la mto Kagera, na familia nyingi zikakimbia na vyungu kichwani. Jeshi la Tanzania lilivuka hapo Mutukula likaenda hadi kuiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mzee akinyamaza mnapopita Masaka, mji ulioumia sana katika vita hivyo, usimharakishe kwa maswali. Watoto nao waambie mapema kwa nini babu yao huitazama barabara hii tofauti na wao.

Kayabwe, kama kilomita 70 kabla ya Kampala, mnavuka ikweta. Basi halisimami, kwa hiyo kama mmekodi gari, simameni dakika ishirini watoto wapige picha mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Kama wanakuja kwa basi, hilo liacheni hadi siku ya kurudi, mkikodi gari.

Wakifika, jioni hiyo usipange lolote. Maji ya moto, matoke, mchuzi wa karanga, kitanda. Kesho yake asubuhi wapeleke wakubwa wawili kwa mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la mtaa, wasalimie na kuandikishwa. Ni dakika kumi tu, lakini likitokea lolote usiku, kuna mtu mtaani anayejua hao ni wa nyumba gani.

Jambo dogo la lugha: daladala huku huitwa teksi. Mgeni akiambiwa "panda teksi" asitafute gari dogo. Na afundishwe *ssebo* kwa mwanamume na *nnyabo* kwa mwanamke. Maneno hayo mawili pamoja na *webale*, asante, yatamfungulia milango mingi kuliko Kiingereza. Kiswahili nacho kinaeleweka zaidi kuliko zamani. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, na shuleni kinaingia. Lakini wapo wazee wa Kampala wanaokikumbuka kama lugha ya askari waliowapiga, na hilo ni donda. Anza kwa salamu ya Kiganda, Kiswahili kifuate.

Hatua ya 5: Namugongo, bila haraka

Tenga nusu siku nzima. Namugongo iko kama kilomita 15 kutoka katikati ya Kampala, upande wa barabara ya Jinja. Ondokeni saa mbili asubuhi, mtakuwa mmerudi kabla ya jua kali.

Waelezeni watoto habari yenyewe njiani, wasifike wakiona jengo tu. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga wa Pili, mfalme wa Buganda, aliwaua vijana wa ikulu yake na watu wengine waliokataa kuiacha dini. Wanaokumbukwa kwa majina ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, kundi kubwa lilichomwa moto hapa. Karoli Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, taratibu, kuanzia miguuni, na altare ya basilika inasimama mahali hapo. Wenzake walichomwa pamoja mteremkoni, mahali ambapo leo ni eneo la Waanglikana. Ndiyo maana kuna madhabahu mbili, na ndiyo maana nasisitiza mwende zote mbili hata kama ninyi ni wa upande mmoja. Walikufa siku moja.

Basilika imejengwa kwa umbo la msonge na ina nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Mhaya yeyote akiiona anatambua nyumba ya bibi yake. Mama yangu aliishika nguzo moja kwa kiganja akasema, "Wameijenga kama kwetu," na hakutaka kuondoka.

Mtoto wa kaka yangu anaitwa Kizito. Ana miaka kumi na moja. Hakuwahi kuuliza jina lake limetoka wapi mpaka aliposimama mbele ya picha ya Kizito wa Namugongo, aliyekuwa mdogo kuliko wote, kama miaka kumi na minne. Aliuliza, "Shangazi, mama yake alikuwepo?" Sikuwa na jibu. Tulikaa kwenye nyasi karibu na bwawa, tukasali fungu moja la rozari, na nadhani lilikuwa jibu la kutosha kwa siku ile. Kama familia yenu ina Lwanga, Kizito, Mukasa au Matia, anzeni hapo. Mtoto hulishika jina lake haraka kuliko mwaka wowote wa historia.

Kuna jambo ambalo waongozaji wengi hulipita na Waswahili tusilipite. Neno la Kikristo liliingia Buganda kwa Kiswahili kwanza. Mwaka 1875 Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alipoondoka kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza alimwacha kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesoma kwenye misheni ya Zanzibar, naye ndiye aliyemsomea Kabaka Maandiko kwa Kiswahili. Wamisionari wa Kianglikana wakaja 1877, Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, mwaka 1879, na wote walianza kufundisha kwa Kiswahili kabla ya Kiganda kuandikwa vizuri. Waamini wa mwanzo waliitwa *abasomi*, wasomaji. Uganda ya leo bado inakiita kitabu *ekitabo*. Ukiwaeleza wageni hayo, hawatajiona watu wa kuja tena. Watajua lugha yao ilikuwa humu tangu mwanzo.

Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi Wakatoliki kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 akaja mwenyewe Uganda, Papa wa kwanza wa zama zetu kukanyaga Afrika. Wazee wengi wa Kagera wanaukumbuka mwaka huo. Waulizeni.

Hatua ya 6: Kasubi, Mengo na Rubaga kwa siku moja

Vilima hivi vitatu viko upande mmoja wa jiji na vinaunganika kwa gari la kukodi. Patana bei ya siku nzima kabla ya kuwasha injini, pamoja na muda wa kusubiri. Bodaboda haifai kwa kundi lenye wazee.

Anzeni Kasubi asubuhi. Wanawake wavae gauni refu, sketi au busuti, lile vazi refu la Kiganda; suruali haikubaliki. Viatu huvuliwa, kwa hiyo mwambie mama avae vya kuvulika kwa urahisi na soksi safi. Kiingilio kipo, na getini utaelezwa ni sehemu gani ziko wazi siku hiyo na wapi picha zinaruhusiwa. Muulize mwongozaji kabla ya kutoa simu mfukoni. Hapo ni kaburi, na kuna wanawake wa ukoo wanaoishi humo wakilinda.

Mutesa wa Kwanza aliijenga Kasubi kuwa ikulu yake mwaka 1882, akazikwa humo 1884. Wamelala hapo makabaka wanne: yeye, Mwanga wa Pili aliyefia uhamishoni Shelisheli, Daudi Chwa wa Pili, na Mutesa wa Pili aliyefariki London mwaka 1969. Nyumba kuu inaitwa Muzibu-Azaala-Mpanga. Angalieni juu ndani ya paa: pete za fito zilizofungwa ni 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Nyuma ya pazia la lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba, kuna sehemu wanayoiita msitu. Kwa Waganda, kabaka hafi, huingia msituni.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea. Ilikuwa imeorodheshwa na UNESCO tangu 2001, ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na ni Septemba 2023 tu ndipo iliondolewa kwenye orodha hiyo baada ya kujengwa upya. Fedha ilitoka wapi? Hapa ndipo nilipotaka ndugu zangu wafike. Mwaka 2013 Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga alianzisha mchango ulioitwa *Ettoffaali*, yaani tofali. Alizunguka Buganda, wilaya kwa wilaya, na kila aliyetoa alihesabiwa kuwa ameleta tofali lake, awe tajiri wa Kampala au mwanafunzi mwenye sarafu. Waliopata nafasi ya kukaa kwenye mkeka na kusikia hayo mbele ya paa lenyewe hawahitaji kuhubiriwa kuhusu harambee siku inayofuata. Baba mkubwa alihesabu pete zile kwa kidole, akafika arobaini na kitu akapoteza hesabu, akaanza tena.

Kutoka hapo nendeni Mengo. Mtaiona Bulange, bunge la Buganda, na barabara iliyonyooka hadi lango la ikulu ya Lubiri, iliyojengwa na Mwanga mwaka 1885. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yaliivamia, na Kabaka akatoroka hadi Uingereza. Ndani ya eneo kuna handaki la saruji lililotumika kufungia na kutesa watu enzi za Amin. Ninatoa onyo la dhati: watoto chini ya miaka kumi na miwili wabaki juu bustanini na mtu mzima, na mzee aliyeishi vita vya Kagera aulizwe kwanza, faraghani. Baba mkubwa alifika mlangoni, akavua kofia, akasimama kama dakika mbili. "Yatosha," akasema, akarudi kwenye gari. Nasi tuliobaki tukarudi pamoja naye.

Malizieni Rubaga. Kanisa kuu la Mt. Maria lilijengwa kuanzia 1914 na kubarikiwa tarehe 31 Oktoba 1925. Humo amelala Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, ambaye aliwekwa wakfu mwaka 1939, mmoja wa Waafrika weusi wa kwanza wa zama hizi kuwa maaskofu Wakatoliki. Kilima cha jirani, Namirembe, mtakiona kikiwa na kanisa lake jekundu la Kianglikana. Lililotangulia lilichomwa na radi mwaka 1910, na lililopo likakamilika 1919. Kama miguu bado ina nguvu, ongezeni nusu saa. Kama haina, tazameni mkiwa Rubaga, pazuri pa kupumzika na chupa ya maji.

Jinja na chanzo cha Nile, kilomita 80 hivi, ni safari nzuri lakini ya siku nzima. Msiichomeke kabla ya harambee.

Hatua ya 7: Kuandaa harambee yenyewe

Kigango chetu kilihitaji mabati 180. Kosa la harambee nyingi ni kutangaza jumla ya mamilioni, watu wenye kidogo wakanywea. Sisi tuliiga Ettoffaali: tuliuza bati. Bei ya bati moja ya dukani iliandikwa kwenye bango, na nusu bati ilikubalika. Bango lilichorwa paa lenye visanduku 180, na kila bati lililolipwa kisanduku kilipakwa rangi mbele ya macho ya watu. Mtoto anayepaka rangi apewe brashi nyembamba na asiharakishe. Watu hupenda kuliona bati lao likijaa.

Kamati isizidi watu saba: mwenyekiti, mweka hazina, katibu, wa chakula, wa vyombo vya sauti na umeme, wa mnada, na mwakilishi wa jumuiya ndogo ndogo. Paroko ajulishwe na abariki, lakini asishike fedha. Ni kumlinda yeye mwenyewe. Mwenyekiti wa LC I apewe barua, na kama spika zitapita saa nne usiku, polisi wa karibu nao waombwe. Kodi jenereta hata kama umeme umekuwa mzuri wiki nzima, na ijaribiwe mchana wa Jumamosi ikiwa imebeba taa na spika zote.

Chakula kiwe rahisi na kingi. Luwombo wa kuku unaheshimisha: jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka lilegee na kung'aa, kuku na mchuzi wa karanga hufungwa ndani kama bahasha, kisha hupikwa kwa mvuke saa kadhaa. Ndugu wa Kagera watajua kufunga bila kufundishwa, na mama zenu watafurahi zaidi jikoni kuliko kukalishwa sebuleni. Lakini waulizwe, wasilazimishwe.

Hatua ya 8: Usiku wa harambee

Anzeni saa kumi na mbili jioni, mkamilishe saa tatu na nusu. Utaratibu uliotufaa: sala, maelezo ya paa kwa dakika kumi na si zaidi, chakula, kwaya, michango ya bati, mnada, kutangaza hesabu, baraka. Chakula kitangulie michango. Mwenye njaa hutoa kwa kisirani au huondoka.

Bahasha zigawiwe mezani bila jina juu yake. Anayetaka kutangazwa ataandika mwenyewe. Kadi ya ahadi iwe na tarehe ya mwisho, siku sitini, na iwekwe mezani badala ya kuchomekwa mkononi mwa mtu. Namba ya kupokea pesa kwa simu iwe ya kigango, imeandikwa jina la kigango, siyo ya katibu. Kumbukeni kwamba Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 unapotoa fedha kwenye simu, juu ya ada ya kampuni; iwekeni kwenye hesabu tangu mwanzo ili mabati yasipungue.

Mnada ndio moyo wa usiku. Vitu vya shambani vinashinda vya dukani: mkungu wa matoke, fenesi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Kanuni ni mbili. Bei ianze chini, na aliyenunua aruhusiwe kurudisha kitu kiuzwe tena. Jogoo wetu aliuzwa mara tano. Aliyemnunua wa nne, bibi kizee muuza mboga, alimpa paroko. Paroko akamrudisha mezani. Akanunuliwa na vijana wa kwaya kwa kuchangishana sarafu.

Baba mkubwa alikuwa amekaa safu ya nne, si ya mbele, kama nilivyomwahidi. Hakuna aliyemwita. Mnada ulipokaribia kwisha aliinuka mwenyewe, akaenda mezani taratibu na mkoba wake wa ukindu, akatoa kopo la senene wa Bukoba, waliokaushwa vizuri, na kifurushi cha kahawa za kutafuna kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba. Hakushika maikrofoni. Alimwambia mshereheshaji kwa sauti ya kawaida, nasi tuliokaribu tukasikia: "Nimeona paa la Kasubi. Na ninyi ezekeni lenu."

Januari si msimu wa senene Kampala. Kopo lile liliuzwa kwa bei ya mabati sita.

Hatua ya 9: Hesabu ifanyike watu wakiwepo

Watu watatu wahesabu kwenye meza iliyo wazi: mweka hazina, mtu wa baraza la walei na mtu mmoja asiye wa kamati. Taslimu, pesa za simu na ahadi zitangazwe kila moja peke yake. Msijumlishe ahadi na taslimu mkatamba. Ahadi ni ahadi. Karatasi ya hesabu isainiwe na wote watatu, ipigwe picha, na fedha ilale mahali palipokubaliwa hadi benki Jumatatu asubuhi. Kigango kimoja ninachokijua kilipasuka kwa sababu fedha ililala nyumbani kwa mtu mmoja siku nne. Haikupotea hata shilingi, lakini maneno yalishaanza.

Kila mtoaji apate risiti, pamoja na mwenye nusu bati. Wanaodaiwa ahadi wakumbushwe mmoja mmoja kwa simu. Orodha ya wadaiwa isibandikwe kwenye kundi la WhatsApp la kigango. Nimeona mama mjane akiacha kuja misa kwa sababu hiyo.

Jumapili wageni waje misa ya kawaida, wakae popote, kisha mrudi nyumbani mle mabaki ya luwombo. Jumatatu wasindikizwe mapema, asubuhi, na kama mmekodi gari, Kayabwe msimame.

Tulipoezeka mwezi wa tatu nilipiga picha ya paa kutoka kona nne na kuituma Kyaka. Baba mkubwa alipiga simu jioni hiyo hiyo. Alitaka kujua mabati yake sita yako upande gani. Nilikwenda kumuuliza fundi, akanionyesha: juu ya mlango wa sakristia, upande wa magharibi, unaopigwa na mvua zaidi.